Mstari wa Subilaga

Asubuhi kiini kipya cha mfumo kilipowashwa katika Kituo cha Mapafu cha Lwifwa, watu sitini na mmoja walitoweka, wengine wodini na wengine majumbani, hali wamekaa vitandani mwao wakinywa uji.

Hawakuwa wamekwenda kokote. Mzee Angetile Kasyupa alikuwa palepale kitanda cha tisa, kikombe mkononi, akisubiri uji upoe. Lakini kwenye skrini ya wauguzi, mahali pake palikuwa na maneno mawili tu: hakuna kifaa. Sista Roida Sanga, aliyekuwa zamu, aliigonga skrini kwa ukucha, akamtazama mzee, akaitazama skrini tena. Kisha akapiga simu chumba cha mitambo kumwita mlinganishi.

Mlinganishi wa Lwifwa alikuwa Subilaga Mwakalinga, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Ndani ya kila pafu la kuundwa mliwekwa kipimakazi, kidude kisichozidi punje ya ulezi, ambacho kilihesabu pampu inavyohangaika kumvutia mtu hewa. Kipimakazi hakijui kusema. Kinachojua ni nambari yake ya utambulisho. Kiini cha mfumo huisoma nambari hiyo, huingia kwenye jedwali, na hutafuta mstari unaosema ni kiendeshi kipi kinachoifahamu lugha ya kifaa cha aina ile. Kikiupata, huwakutanisha wawili hao na mgonjwa huonekana. Kisipoupata, hupita kana kwamba hakuna mtu. Subilaga ndiye aliyelitunza jedwali.

Alipolifungua asubuhi ile aliona mara moja kilichokosekana. Mstari wa 4107 haukuwepo. Nambari hiyo ilikuwa ya mapafu ya Pumzi Mbili, ya zamani, na watu sitini na mmoja wa Lwifwa walikuwa wakivuta hewa kwayo.

Wote walikuwa wasagaji. Miaka ile dunia ilipoamua kunyunyiza unga wa mawe ya volkano mashambani, ili udongo unyonye hewa chafu iliyokuwa ikiichemsha, mawe yaliyofaa kuliko yote yalionekana kwenye vilima vya Lwifwa, na waliosaga walikuwa watu wa Lwifwa. Joto lilishuka, kidogo. Wasagaji wakabaki na vifua vilivyoganda kama saruji. Wakapewa mapafu mapya na vyeti vya shukrani vyenye muhuri wa dhahabu, ambavyo wengi wao walivitundika ukutani kwa sababu fremu zake zilikuwa nzuri.

Subilaga aliiandikia kampuni iliyorithi kiwanda cha mapafu hayo, akaomba kiendeshi cha zamani kitiwe saini upya, kwa kuwa kiini hakikubali kiendeshi kisicho na saini ya mwenye mali. Ukibadili hata herufi moja, kinakitema. Jibu lilirudi kabla ya saa moja kupita. Lilisema kwamba kifaa alichokitaja kimestaafu.

Roida alilisoma jibu akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Subilaga.

"Kifaa kimestaafu," alisema. "Na mwenye kifaa je?"

Lililowatisha wote wawili halikuwa skrini. Lilikuwa ghala. Kila pafu lina kichujio kinachobadilishwa baada ya wiki mbili, na mashine ya ghala haitoi kichujio ila kwa pafu linalosomeka. Pafu lisiposomeka siku saba, jina la mwenyewe hufutwa, naye huingia kwenye foleni ya kusubiri pafu jipya. Foleni ya mwaka ule ilikuwa ya miezi arobaini. Kichujio kikiziba, mtu hamalizi hata mmoja.

*

Siku ya tano Subilaga alipata njia. Alipekua maelezo ya zamani akagundua kwamba Pumzi Mbili na Pumzi Tatu zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Vipimakazi vyao vilifanana umbo, na kihesabio kikuu kilikaa nafasi ileile. Kiendeshi cha Pumzi Tatu kilikuwa na saini halali. Hakuhitaji kukigusa. Alichohitaji ni mstari mmoja kwenye jedwali wa kukiambia kiini: ukikutana na 4107, mchukulie kama Tatu.

Aliuandika. Kwenye skrini ya Roida watu sitini na mmoja wakarejea, mmoja baada ya mwingine, wote kijani.

Hakushangilia. Aliwafundisha vijana wengi kazi hii na sikuzote aliwaambia kwamba kiendeshi kikikubali kifaa haina maana kwamba kinakielewa. Mtu aweza kuitikia salamu kwa lugha asiyoijua. Kwa hiyo alichukua kipimio cha mkono akaenda wodini, akakaa karibu na Mzee Angetile, akakigandisha kifuani pake na kuhesabu mwenyewe. Elfu thelathini na moja na kitu. Akatazama skrini. Elfu thelathini na moja na kitu. Akafanya hivyo kwa mama mmoja wa kitanda cha kumi na mbili, kisha kwa mzee aliyekuwa amelala fofofo. Hesabu zilikwenda sawa kila mara.

Mzee Angetile alikuwa msimamizi wa kinu cha tatu enzi za kusaga, mtu wa maneno machache na macho yanayocheka. Alimwuliza kama sasa anaonekana. Subilaga akamwambia anaonekana.

"Basi vizuri," mzee alisema. "Mke wangu anaogopa hivi vitu. Yeye naye amewekewa pafu hilihili, yuko nyumbani. Nitamwambia binti Mwakalinga ameturudisha."

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na Subilaga alilijua. Wote watatu aliowapima walikuwa wametulia. Alitaka kumpima mtu aliyechoka, pampu ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Alimwomba Roida wamtembeze mzee ukumbini mara nne tano. Roida akasema mgonjwa wa mapafu hachoshwi bila idhini ya Daktari Mkuu, nalo lilikuwa kweli. Daktari Mkuu, Ezron Mbilinyi, alikuwa kwenye kikao, na kikao kilikuwa kirefu. Alipotoka alimkuta Subilaga mlangoni. Alimsikiliza akitembea. Akasema idhini ya namna ile inahitaji jopo, jopo litakaa wiki ijayo, na majina yatafutwa kesho kutwa. Akamwuliza kama nambari zinalingana. Subilaga akasema zinalingana kwa waliotulia.

"Basi tia saini," Mbilinyi alisema. "Tutawapima waliochoka baadaye, wakiwa hai."

Kila mstari wa jedwali una nafasi ya jina la aliyeuthibitisha, na ghala haliutambui mstari usio na jina. Subilaga aliandika jina lake. Wiki iliyofuata jopo halikukaa. Iliyofuata vilevile halikukaa, na yeye, akiwa na viendeshi vingine na wagonjwa wengine wa kuonekana na kutoonekana, hakukumbusha.

*

Mzee Angetile alifariki siku ya ishirini na tatu, saa sita mchana, jua likiwa limejaa wodini na wenzake wakila ugali.

Roida alimsimulia Subilaga yaliyotokea akiwa amekaa sakafuni kwenye chumba cha dawa, kofia imemtoka kichwani. Alisema tangu saa nne mzee alikuwa akikunja uso. Saa tano na nusu alimwuliza, mzee akasema kifua kinambana kidogo. Akatazama skrini. Ilikuwa kijani, na nambari ilikuwa ndogo mno, chini ya mtu aliyelala. Akajisemea kwamba ni wasiwasi tu. Dakika ileile kitanda cha nne kikawa chekundu, pafu la Pumzi Tatu lililolegea mrija, naye akakimbilia huko. Alikaa huko nusu saa. Aliporudi, mzee alikuwa ameinamia sahani yake.

"Nilimwona kwa macho yangu, dada Subi," alisema. "Mabega yanapanda juu hivi. Nikayaacha macho yangu nikaiamini skrini."

Subilaga alikwenda kuliomba pafu. Alilipata likiwa limeoshwa, ndani ya bakuli la chuma, akalipeleka chumba cha mitambo akaisoma kumbukumbu yake mstari kwa mstari. Saa nne na dakika tano: elfu sitini na moja. Dakika kumi baadaye: elfu sitini na nne na mia tisa. Dakika kumi nyingine: elfu mbili na mia moja.

Aliiangalia nambari ile ya tatu mpaka tarakimu zikaanza kuogelea.

Kihesabio cha Pumzi Tatu ni kipana. Hakijai hata ukikimbia mlima, na skrini huwa nyekundu kikipita elfu sitini na sita. Cha Pumzi Mbili ni chembamba. Mwisho wake ni elfu sitini na tano, mia tano thelathini na tano. Kikifika hapo hakina pa kwenda, hurudi sifuri na kuanza upya. Kiendeshi cha zamani kililijua hilo na kilihesabu kila mzunguko. Kiendeshi cha Tatu hakikulijua, wala hakikuwa na sababu ya kulijua. Kwa hiyo mtu aliyetulia kilimsoma sawasawa. Mtu aliyechoka kidogo kilimsoma sawasawa. Ila mtu aliyechoka kupita kikomo, au anayekufa, kilimsoma kama mtoto aliyelala.

Angemtembeza mzee ukumbini mara nne tano, angeliona siku ileile.

*

Daktari Mbilinyi aliipokea habari akiwa amesimama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewazika wasagaji zaidi ya mia mbili, na kwa kila mmoja aliandika barua kwa mkono wake.

Subilaga alisema anataka mambo mawili: mstari ufutwe, na taarifa iandikwe kwa vituo na kwa familia kwamba vipimo vya Pumzi Mbili si vya kuaminika. Mbilinyi alimwuliza nini kitatokea ghalani akiandika maneno hayo. Subilaga alijua. Pafu lenye kipimo kisichoaminika, kwa kanuni, ni pafu lisilosomeka. Siku saba, kisha hakuna kichujio.

"Mstari wako umemwua mmoja," Mbilinyi alisema. "Ukiufuta utawaua sitini. Nionyeshe hesabu nyingine, Subilaga, nami nitaisaini sasa hivi."

Subilaga alisema angalau wauguzi wa hapa waambiwe, kwa mdomo tu, kwamba anayeonekana ametulia kupita kiasi akimbiliwe kwanza. Mbilinyi alikubali hilo. Akaongeza kwamba maneno hayo yasiandikwe popote.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa mtaa wa juu, nyuma ya vinu vilivyonyamaza. Siku ya tatu baada ya maziko, watu walipopungua, Subilaga alikwenda. Mjane, Mama Lusekelo, alikuwa amekaa kwenye mkeka, khanga mabegani, na katika ukimya wa chumba pampu yake ilisikika ikivuta na kusukuma. Alimkaribisha kwa heshima, akaagiza chai, akamshukuru kwa kuwarudisha kwenye skrini. Alisema marehemu alimtaja.

Subilaga hakugusa chai. Alimweleza yote, pole pole, bila kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Alieleza kihesabio kinachojaa. Alieleza kipimo ambacho hakukifanya. Alisema jina kwenye mstari ule ni lake na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Kisha akasema amekuja kuomba radhi, na kwamba amekusudia kwenda kuufuta mstari mwenyewe, Daktari apende asipende, kwa kuwa hawezi kuendelea kuwaonyesha watu uongo.

Mama Lusekelo alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na uso mwembamba uliokauka kwa kilio, na alipoanza kusema alilazimika kungoja pampu imletee hewa katikati ya maneno.

"Unataka nikusamehe," alisema, "halafu ukanizibe pumzi."

Subilaga alisema sivyo.

"Ndivyo. Kichujio changu ni cha Jumatatu. Ukifuta huo mstari, nakipata?"

"Hapana, mama."

"Basi usiufute."

Subilaga alimwambia kwamba siku atakayozidiwa, skrini itasema yuko salama, na hakuna atakayekuja.

"Mwanangu, sisi tulisaga mawe miaka kumi na minane, kila jioni wakitupima wakituambia tuko salama. Hilo si geni kwangu." Akavuta hewa. "Wewe moyo wako unataka kuwa safi. Naelewa. Lakini usiusafishe kwa kifua changu."

Kisha alimwomba amfundishe kujitazama. Subilaga akamwonyesha: kucha zikibadilika rangi, mabega yakipanda, maneno yakishindwa kufika mwisho. Mjane alirudia kila kitu kama mwanafunzi. Alipomaliza akasema kuhusu msamaha asimharakishe. Mume wake hajamaliza hata wiki ardhini.

Subilaga alirudi kazini. Hakuufuta mstari.

*

Mwezi uliofuata aliandika kwa mkono majina ya wote sitini kwenye daftari, na baada ya saa za kazi alikwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha watu kutazama mabega ya watu wao. Wawili zaidi walikufa. Mmoja alikimbizwa kituoni na mkwe wake akapona. Roida hakuitazama tena skrini kabla ya kumtazama mgonjwa, na nywele zake zilianza kuota mvi upande mmoja.

Kisha ikaja barua kutoka ofisi ya jedwali la taifa. Ilikuwa ya pongezi. Ilisema kwamba tatizo la Pumzi Mbili lilivisumbua vituo vyote nchini, kwamba katika kukusanya majedwali ya mikoa wataalamu walikuta Lwifwa imelitatua kwa mstari mmoja, na kwamba mstari huo umeingizwa katika kiini kinachotumika kila mahali kuanzia tarehe mosi. Watu elfu tisa na mia nne wamerejea kwenye skrini. Jina la aliyeuthibitisha limehifadhiwa kama kanuni inavyotaka.

Subilaga aliisoma akiwa amesimama. Akafungua jedwali la taifa, akautafuta mstari, akauona na jina lake pembeni. Juu ya mstari kuna nafasi ya maelezo, ambayo watu huandika kwa ajili ya watu. Aliandika hapo kila kitu: kikomo cha kihesabio, jina la Angetile Kasyupa, tarehe. Alipomaliza alikumbuka alichowafundisha vijana siku yao ya kwanza. Kiini hakisomi maelezo. Hukiruka kila kilichoandikwa kwa ajili ya watu na kwenda moja kwa moja kwenye mstari.

Basi akachukua orodha ya vituo na simu. Daktari Mbilinyi alipita mlangoni, akamwona, akasimama kidogo, akaendelea na safari yake bila kuuliza anampigia nani.

Kituo cha kwanza kilikuwa Itundumala. Aliyepokea alikuwa muuguzi mwenye sauti changa, akajitambulisha kuwa Sista Edina. Subilaga alipotaja jina lake, yule binti alichangamka. Alisema wanalijua, lipo kwenye barua; alisema tangu tarehe mosi skrini yao yote ni kijani, na kwamba wagonjwa wamemwombea kanisani.

Subilaga alimwacha amalize. Kisha akamwambia asiiamini skrini hiyo. Alieleza kwa ufupi, kwa maneno ya kawaida, akamsihi asiandike popote. Upande wa pili akasikia kwa mbali pampu nyingi zikivuta na kusukuma bila kwenda pamoja.

"Dada," Edina alisema hatimaye, na uchangamfu wote ulikuwa umemwisha, "wako mia na nne, na zamu hii niko peke yangu. Nimtazame nani kwanza?"

"Anza na wenye nambari ndogo kuliko wote. Wale wanaoonekana wametulia sana."

Edina alifunua karatasi.

"Hao hawapo hapa," alisema. "Tulikuwa hatuna vitanda. Juzi tumewachagua hao, tukawarudisha nyumbani."